Pawa saplai ya flaibaki inayoshusha volti ikipewa mzigo: namna ya kutafuta hitilafu

Katika karakana za Kondele, Kisumu, huletwa mara kwa mara adapta ya flaibaki (pawa saplai inayokatakata umeme kwa kasi na kuupitisha kwenye transfoma ndogo) ambayo ikipimwa peke yake hutoa volti 12 kamili, lakini ikiunganishwa na dekoda au amplifaya hushuka hadi volti 9 au hata 7. Kipimo cha bila mzigo huthibitisha tu kwamba saketi imewaka, na kwa hiyo vipimo vyote vya volti vinavyoelezwa hapa vichukuliwe mzigo ukiwa umeunganishwa.

Mzigo wenyewe uchaguliwe kwa uangalifu. Kwa adapta ya volti 12 na ampea 2, rezista mbili za ohmu 12, kila moja ya wati 25 au zaidi, zikiunganishwa sambamba zitavuta ampea 2 barabara. Balbu ya gari hupendwa kwa sababu haikosekani, ila uzi wake ukiwa baridi huwa na ukinzani mdogo mno, ukavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na hata pawa saplai isiyo na kasoro huweza kujizima kwa kujilinda. Balbu ya wati 60 ambayo mafundi huiunganisha mfululizo na umeme mkuu nayo ni kinga nzuri wakati wa kuwasha mara ya kwanza, lakini mzigo ukiongezeka hula volti yenyewe. Mtu anaweza kutafuta hitilafu mchana kutwa kumbe ameileta yeye. Balbu hiyo iondolewe saketi ikishathibitika kwamba haina shoti.

Umeme wetu wa volti 240 ukishanyooshwa huacha takriban volti 339 kwenye kapasita kuu, na upande huo wa praimari, yaani ulio kabla ya transfoma, haujatenganishwa na umeme wa ukutani. Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya, umalize chaji ya kapasita kwa rezista ya kilo-ohmu 10 ya wati 5, kisha uhakikishe kwa mita. Osiloskopu isiunganishwe upande huo bila transfoma ya kutenganisha.

Kipimo kinachookoa muda kuliko vingine vyote kiko upande wa sekondari, yaani wa kutokea baada ya transfoma, ulio salama zaidi. Weka mita kati ya mguu wa 1 na wa 2 wa optokapla, kijenzi kinachopeleka taarifa kutoka sekondari hadi praimari kwa mwanga wa taa ndogo ya ndani, ambayo mara nyingi ni PC817, wakati volti za kutokea zimeshuka. Ukisoma takriban volti 1.1, taa ya ndani inawaka, maana yake saketi ya kurudisha taarifa inaiagiza praimari ipunguze nguvu ingawa volti zimepungua tayari. Hapo pima mguu wa rejea wa TL431, kijenzi kinachopima volti za kutokea na kuiwasha taa hiyo. Ukiwa na volti 2.5, sehemu inayopimwa na saketi iko sawa na volti zinapotelea mbele yake: kwenye koili ya kuchuja, kiungo cha risasi kilichopasuka, au waya wenyewe. Waya wa shaba wa mita 1.5 wenye unene wa milimita 0.2 za mraba, kwenda na kurudi, hupoteza karibu nusu volti kwa ampea 2. Mguu huo ukiwa chini ya 2.5 na taa bado inawaka, shuku TL431 au kapasita za kutokea ambazo ukinzani wake wa ndani umepanda, kwa kuwa mawimbi yake huidanganya saketi.

Taa ikiwa imezimika, praimari imeombwa nguvu yote na haiwezi kuitoa. Anza na kapasita kuu. Kwa wati 24 huhitajika takriban mikrofaradi 47. Iliyokauka huacha volti ziporomoke kati ya wimbi na wimbi, na katika nyumba ya kijijini Siaya au Vihiga iliyo mwisho wa laini, ambako umeme huweza kupungua jioni, adapta hiyo hushindwa mapema zaidi. Kisha chomoa umeme upime rezista ndogo iliyo kati ya sosi (mguu mmoja) ya mosfeti, ile swichi inayokatakata umeme, na hasi ya kapasita kuu; ndiyo inayoweka kikomo cha mkondo wa kilele. Nishati inayohifadhiwa na transfoma hufuata mraba wa mkondo wa kilele, kwa hiyo rezista ya ohmu 0.5 iliyopanda hadi 0.7 hupunguza uwezo wa pawa saplai karibu nusu, na kwa macho huonekana haina dosari yoyote.

Sauti ya tik-tik na volti zinazopanda na kushuka humaanisha kidhibiti, yaani chipu inayoiendesha mosfeti, kinajizima na kuwaka tena. UC3842, kwa mfano, huanza kwenye volti 16 na kukoma kwenye 10, hivyo kapasita yake ndogo ibadilishwe kwanza, ni bei ya chai. Angalia pia dayodi ya sekondari: aliyetangulia akiweka dayodi ya kawaida ya 1N5408 mahali pa ile ya kasi ya Schottky, dayodi hiyo ya polepole itachemka na kupoteza nguvu.

Kama pawa saplai ina volti 5 na 12, na inayodhibitiwa ni ya 5 peke yake, volti 12 zitashuka ukiipa mzigo bila kuipa ile ya 5. Huo si ubovu. Transfoma ishukiwe mwisho, hasa ikiwa imewahi kufunguliwa na mwanya wa kiini chake kubadilika.