Ukienda kuongea chanjo kijiji cha mbali, anza kwa kusikiliza

Kama unaenda kuhamasisha chanjo huko gari lisikofika, vipeperushi viache kwanza kwenye begi. Uliza: mara ya mwisho mlivyopeleka mtoto kliniki ilikuwaje? Halafu nyamaza usikie. Utakuta wengi chanjo hawajaikataa, wameikataa ile safari.

Chukua surua. Kichupa kimoja mara nyingi ni cha dozi 10, ni unga unaochanganywa na maji yake, na kikishachanganywa baada ya saa 6 kinatupwa, sasa nesi akiona mtoto ni mmoja tu anasita kukifungua, anamwambia mama rudi siku wakiwa wengi. Mama katembea toka alfajiri na mtoto mgongoni, pengine na kadi ilishapotea kwa hiyo kafokewa mbele za watu. Huyo harudi jamani, na akifika nyumbani atasema tu chanjo hazina maana. Kwa hiyo kabla hujamshawishi mtu yeyote, ongea na kliniki, pangeni siku, hakikisha dawa itakuwepo, wasio na kadi wapokelewe vizuri, akina mama waende kwa pamoja.

Halafu jua nani anaamua. Mama anaweza kukuitikia ndiyo ndiyo kumbe neno la mwisho analo baba, au bibi aliyekaa pale nje anakusikiliza tu. Uliza wanashauriana na nani, uende ukamsalimie huyo. Kano, Nigeria, mwaka 2003 chanjo ya polio ilisimamishwa karibu mwaka mzima, na ilirudi baada ya viongozi wa dini na wa serikali kushirikishwa na kuridhika wenyewe.

Maswali yajibu kwa ukweli. Mtu akisema mtoto wangu alichemka mwili baada ya sindano usibishe, homa ya siku moja mbili ipo kweli kwa baadhi ya chanjo, na pale ilipochomwa panaweza kuvimba. Mwambie kabla, na mwambie dalili gani zikitokea akimbize mtoto kituoni. Usichokijua sema nitauliza, na urudi na jibu kweli.

Wengine wanahofia dawa imeharibika njiani kwa joto, na hofu hiyo ina msingi manake chanjo nyingi zinatakiwa zikae nyuzi 2 hadi 8. Hapo muombe nesi awaonyeshe kichupa. Vingi vina alama ya duara lenye mraba katikati, mraba ukiwa mweupe kuliko duara joto halijaiharibu, ukifanana nalo rangi au ukiwa mweusi zaidi haitumiki tena. Babu akishike, akisogeze kwenye mwanga aangalie kwa macho yake, hii inasaidia kuliko hotuba yako ya saa nzima.

Atakayekataa usimtaje mbele ya wenzake. Muage vizuri, na siku nyingine nenda kwake na jirani yake aliyechanja wanawe, wewe kaa pembeni waongee wao.