Somo: Kuunganisha sabufa isiyo na waya na spika za nyumbani, na la kufanya inapogoma

Wakuu, somo hili ni la mwenye sabufa isiyo na waya: iliyokuja na saundiba (ile spika ndefu nyembamba ya chini ya televisheni), iliyo kwenye seti ya sinema ya nyumbani, au ya kawaida iliyofungiwa kifaa cha kurusha mawimbi. Ombi langu la kwanza ni moja. Kabla hujabonyeza kitufe chochote, tazama taa.

Karibu kila sabufa ya aina hii ina taa ndogo mgongoni au ubavuni. Taa hiyo ndiyo inayokutenganishia matatizo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: sabufa haijaungana, na sabufa imeungana ila haitoi besi. Dawa zake hazifanani hata kidogo. Mtu anaweza kushinda jioni nzima akiunganisha upya sabufa iliyokwisha kuungana, kumbe besi imezimwa kwenye rimoti.

Taa isipowaka kabisa, umeme haufiki. Kagua soketi, waya na swichi ya nyuma. (Hapa wapo wanaoshangaa: waya ulioondolewa ni wa sauti, wa umeme upo palepale.) Taa nyekundu iliyotulia mara nyingi ina maana sabufa imelala au imeshindwa kumpata mwenzake. Inayowaka na kuzimika polepole inatafuta. Ikiwaka na kuzimika kwa kasi iko tayari kuoanishwa. Ikitulia kwa rangi yake ya kazi, imeungana. Rangi hiyo hutegemea mtengenezaji: kwenye Samsung nyingi ni bluu, kwenye LG nyingi ni kijani. Kitabu cha modeli yako ndicho chenye neno la mwisho.

Jambo jingine la kujua kabla ya kuanza ni namna vifaa hivi vinavyozungumza. Sabufa nyingi hazitumii Bluetooth ya kawaida kwa sababu huchelewesha sauti, na besi iliyochelewa huharibu kila kitu. Hutumia redio yake yenyewe, mara nyingi kwenye masafa ya gigahezi 2.4 au 5.8. Saundiba ina namba yake ya siri, na sabufa huikariri. Ndiyo maana sabufa yako haichukui sauti ya jirani, na ndiyo maana baadhi ya sabufa kitufe chake kimeandikwa ID SET.

HATUA ZA KUUNGANISHA

1. Chomoa saundiba na sabufa kwenye umeme, usizime kwa rimoti tu. Subiri kama dakika moja. Kapasita za ndani (vipande vinavyohifadhi umeme) hubaki na chaji kidogo, na ukirudisha umeme haraka mno kifaa huenda kisijue kwamba kilizimwa.

2. Sogeza sabufa karibu na saundiba, mita moja au mbili, pasiwe na kitu katikati. Hii ni kwa ajili ya kuoanisha tu, mahali pa kudumu tutapatafuta baadaye.

3. Rudisha umeme wa saundiba kwanza, iwashe, iache itulie. Kisha washa sabufa. Sasa usiguse kitu. Seti zilizouzwa pamoja kwa kawaida zimeoanishwa tangu kiwandani, kwa hiyo zitatafutana zenyewe. Taa ikitulia, ruka hatua ya nne.

4. Haikutulia? Tafuta kitufe nyuma ya sabufa. Kinaweza kuandikwa PAIRING, LINK, CONNECT au ID SET, na wakati mwingine kimefichwa ndani ya tundu. Tumia kijiti cha meno badala ya pini. Kishikilie kama sekunde tano mpaka taa ianze kuwaka na kuzimika kwa kasi. Kisha nenda upande wa saundiba. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kila modeli ina utaratibu wake: nyingine unaingia kwenye menyu, nyingine unashikilia kitufe fulani cha rimoti, na nyingine hutaka saundiba iwe imezimwa kwa rimoti lakini bado ina umeme. Usifuate video ya modeli nyingine hata kama zinafanana sura. Na usikawie, maana sabufa haikai katika hali ya kuoanishwa muda wote; ikichoka kungoja utalazimika kubonyeza tena.

5. Jaribu kwa wimbo au sinema yenye besi unayoifahamu. Pandisha kiwango cha sabufa kwenye rimoti. Kwa kawaida kina vitufe vyake, mbali na sauti ya jumla. Weka kiganja kwenye tundu la hewa la sabufa. Ukisikia upepo ukisukumwa kwa mdundo, kazi imekwisha.

6. Rudisha sabufa mahali pake, na hapo usiwe na haraka. Sauti za chini ya hezi 80 hivi sikio halitambui zinatoka upande gani, kwa hiyo si lazima sabufa ikae mbele. Kona ya chumba huongeza besi, wakati mwingine kupita kiasi. Lipo jaribio linalochekesha watoto ila linafanya kazi: weka sabufa pale unapokaa, piga wimbo wa besi, halafu tambaa chumba kizima ukisikiliza. Besi itakapokuwa safi na nene bila kuvuma, hapo ndipo pa kuiweka. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa takriban mita 8.6, mara nyingi unazidi chumba chenyewe, hivyo linapogonga kuta hujijenga mahali pamoja na kujifuta mahali pengine. Wenye sabufa za waya jaribio hili huwasumbua. Sisi tunahitaji soketi tu.

WENYE RISIVA NA SABUFA YA WAYA

Risiva hapa ni amplifaya ya sinema ya nyumbani inayoendesha spika, si king'amuzi. Mnaweza kununua jozi ya kifaa cha kurusha na cha kupokea. Waya wa sauti wa RCA utoke SUB OUT (tundu la kutolea besi) ya risiva uingie kwenye kirushio. Kipokezi kiingie tundu la LFE (la besi) au LINE IN la sabufa. Vikiwa na swichi ya chaneli, viweke namba moja. Kwenye risiva anza na mpaka (crossover) wa hezi 80, yaani sauti za chini ya hapo ziende kwenye sabufa, na kile kitufe cha kuzungusha cha mpaka nyuma ya sabufa kipeleke mwisho juu, la sivyo sauti itachujwa mara mbili.

INAUNGANA LAKINI INAKATIKAKATIKA

Hapa tatizo ni njia ya mawimbi. Ruta ikiwa imekaa juu ya sabufa au kando yake, iondoe, mita moja au mbili huleta tofauti kubwa. Kama sabufa yako inatumia gigahezi 2.4, hamishia simu na televisheni kwenye waifai ya gigahezi 5, na ile ya 2.4 iweke kwenye chaneli 1, 6 au 11 yenye msongamano mdogo, upana wa megahezi 20. Diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa nyuma ya televisheni nayo hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Ni mshukiwa ambaye hakuna anayemfikiria.

Kisha tazama vizuizi. Chuma ndicho kibaya zaidi: kabati la bati, kioo kikubwa cha kujitazama, ukuta wa zege lenye nondo. Hata tanki la samaki huzuia, kwani maji hunyonya mawimbi ya 2.4. Watengenezaji wengi hutaja umbali wa mita 10, lakini hizo ni mita za mahali peupe.

IMEUNGANA LAKINI HAINA BESI

Acha kuoanisha. Angalia kiwango cha sabufa kwenye rimoti, kisha uzime hali ya usiku na hali ya mazungumzo, maana zote mbili hupunguza besi kwa makusudi. Kwenye risiva, ingia mpangilio wa spika: zile za mbele zikiwa LARGE, risiva huziachia besi yote na sabufa hupata chaneli ya athari za sinema peke yake. Ndiyo maana mtu anasikia milipuko ya filamu lakini muziki unabaki mkavu. Ziweke SMALL, hata kama ni ndefu na ulizilipia pesa nyingi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, saundiba yangu ni ya kampuni moja, sabufa nimeipata ya kampuni nyingine. Zote ni za 2.4. Hazitaungana kweli?

Jibu: Hazitaungana, mkuu. Masafa yanaweza kuwa mamoja lakini lugha na namba za siri ni tofauti. Hata ndani ya kampuni moja, sabufa ya seti fulani si lazima ikubaliane na saundiba ya seti nyingine. Saundiba ikiwa na tundu la SUB OUT, tafuta sabufa ya waya na ile jozi ya kurushia. Isipokuwa nalo, rudisha sabufa wakati bado muuzaji anakukumbuka.

Swali: Kila nikipasha chakula kwenye maikrowevu, besi inakatika. Ikizima inarudi. Mume wangu anasema ni umeme mdogo.

Jibu: Dada, mwambie shemeji si umeme, angalau kwa dalili hizi. Maikrowevu hufanya kazi kwenye takriban gigahezi 2.45, na kiasi kidogo huvuja hata kwenye iliyo nzima. Hakikisha haiko kwenye mstari kati ya saundiba na sabufa. Ukitaka kuondoa shaka kabisa, washa pasi au birika la umeme badala yake. Hivyo navyo vinakula umeme mwingi. Besi isipokatika, mmepata jibu.

Swali: Ya kwangu sinema za mtandaoni zenye 5.1 (chaneli tano za sauti na moja ya besi) zinatoa besi hafifu, lakini muziki wa simu unadunda vizuri.

Jibu: Televisheni yako huenda inabadilisha 5.1 kuwa stirio kabla ya kuipeleka kwenye saundiba, na katika kubadilisha huko ile chaneli ya besi mara nyingi hutupwa. Ingia mipangilio ya sauti ya televisheni, toa PCM, weka AUTO au BITSTREAM. Tumia HDMI ARC (tundu la HDMI linalopeleka sauti ya televisheni kwenye saundiba) kama ipo.

Swali: Inalala yenyewe katikati ya filamu nikiwa nimepunguza sauti usiku. Nikipandisha inaamka.

Jibu: Kama ni ya kawaida yenye kipokezi, swichi ya AUTO haioni sauti ya kutosha. Iweke ON. Au pandisha kiwango cha sabufa kwenye risiva na upunguze kitufe cha nyuma ya sabufa kwa kadiri hiyohiyo: sauti unayoisikia haibadiliki, ila inayoingia inakuwa na nguvu ya kuiamsha.

Swali: Nimefunga ile jozi ya kurusha. Ngoma inasikika nyuma ya gitaa la besi, au ni masikio yangu?

Jibu: Masikio yako ni mazima. Jozi hizo huchelewesha kidogo. Kwenye risiva, idanganye kwamba sabufa iko mbali zaidi ya ilivyo, nayo itazisubirisha spika nyingine. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji wa milisekunde 15 ni sawa na kuongeza mita 5 hivi. Ongeza nusu mita kwa nusu mita huku ukisikiliza. Jaribu pia swichi ya PHASE ya sabufa (hugeuza wimbi la besi), 0 na 180, ubaki na ile inayotoa besi nyingi pale unapokaa.

Swali: Naweza kuunganisha sabufa ya saundiba na simu moja kwa moja? Saundiba yenyewe iliungua.

Jibu: Hapana, isipokuwa ina Bluetooth yake, na nyingi hazina.

Swali: Nimefanya hatua zote, mara kadhaa, taa bado nyekundu. Nifungue nitazame ndani?

Jibu: Usifungue, mkuu. Kapasita za sehemu ya umeme zinaweza kukurusha hata baada ya kuchomoa. Kwanza sasisha programu ya saundiba, kisha irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani na urudie hatua ya nne ukiwa na kitabu chake mkononi. Ukishindwa, mpate mwenye seti ya modeli ileile kabisa, mwoanishe sabufa yako na saundiba yake. Ikikubali, kilichokufa ni redio ya saundiba yako. Ikikataa, ni ya sabufa, na kwa nyingi hiyo ni kadi ndogo ambayo fundi anaweza kuibadilisha bila kugusa amplifaya. Akimaliza atalazimika kuoanisha upya, kwa sababu kadi mpya haiijui saundiba yako. Usipokee kifaa kabla hajafanya hivyo mbele yako.