Mambo ya kuzingatia kabla hujapenya foleni na pikipiki karibu na zebra

Watu wengi wa bodaboda wanaogopa barabara ikiwa nyeupe, yaani haina magari, ila wakikuta foleni wanajiona wako salama kwa sababu magari yanatambaa, kumbe kwenye zebra foleni ndo inaficha watu.

Asubuhi kabla hujatoka, cheki breki ya mkono, yaani ya tairi la mbele. Wengi wamezoea ya mguu peke yake na ya mbele ndo inayosimamisha zaidi. Isukume pikipiki taratibu huku umeishika, ikigoma kwenda basi iko sawa. Angalia na taa ya nyuma kama inawaka ukikanyaga breki, maana ukisimama ghafla kwenye zebra anayekufuata hana kingine cha kumwambia. Tairi likiwa kipara na mvua imenyesha, ile rangi nyeupe inateleza sana, kwa hiyo maliza kufunga breki kabla hujaikanyaga. Helmeti ni ya kwako na ya abiria, na mwambie kabisa mapema kwamba kwenye zebra utasimama hata kama amechelewa kazini.

Sasa kubwa kuliko yote: gari likiwa limesimama kabla ya zebra usilipite, kushoto wala kulia. Wewe huoni kilichoko mbele ya daladala au lori, dereva wake anaona. Labda ameshampungia mkono mama mwenye mtoto mgongoni, na yule mama akishapewa njia anamwangalia huyo dereva tu, hana habari na wewe unayekuja katikati ya magari. Hata ukiwa na spidi 20, kwa sekunde moja umeshakwenda mita tano na nusu, na kidole chako hata hakijagusa breki. Kwa hiyo punguza mpaka mwendo wa mtu anayetembea, vidole viwe tayari kwenye breki, tairi la mbele lisizidi bampa la gari la pembeni yako. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya 1973 nayo inampa haki anayevuka, ila mimi nasema usimame hata trafiki asipokuwepo.

Na ile tabia ya kutanua upande wa magari yanayokuja ni mbaya zaidi hapa. Mtu anayeanza kuvuka anaangalia kulia kwake kwa sababu ndiko magari yanakotokea, wewe uliyetanua unamtokea kushoto akiwa hana wazo kabisa. Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, vituo vya mabasi ya mwendokasi viko katikati, watu wanashuka kwa makundi na kukimbilia daladala ng'ambo, pale ukiona mmoja amevuka ujue wenzake wako nyuma. Watoto wa shule ndo usiseme, Coaster ikisimama inawafunika wote na mmoja akikimbia wanakimbia wote.

Usimpigie honi mtu aliyeko katikati ya zebra. Anashtuka, anarudi nyuma, na wewe ulishapanga kupita nyuma yake.

Magari yakianza kuondoka usiruke nayo papo hapo, acha la pembeni litangulie kidogo, chungulia mbele ya boneti yake, ukiona zebra nzima ni tupu ndo uachie klachi.