Somo: Kofia ya mtoto kabla ya arobaini

Assalaam aleikum wenzangu. Tangu niseme kwamba wifi yangu amejifungua, mumekuwa mukiniuliza somo la kofia ya mtoto. Nimelileta leo, na nitalieleza vile mimi mwenyewe ninavyoifuma: robo saa hapa, nusu saa pale. Sina siku ya kukaa kitako na sindano peke yake, na najua wengi wenu hamna. Nauza mahamri asubuhi, alasiri nachukua watoto madrasa, na katikati kuna kupika, kufua na kuvuka feri. Kwa hiyo nimeipanga kazi hii iweze kuwekwa chini wakati wowote, na ukiirudia ujue ulipoachia.

Muda wetu ni ile arobaini. Mzazi yuko ndani siku 40, na mtoto siku ya saba keshanyolewa nywele. Siku anayotolewa nje kichwa bado ni kitupu, watu wamejaa, udi umefukizwa, na kila mtu ataka kumbeba. Hapo ndipo kofia ya shangazi yake huonekana.

Jambo la kwanza, usimpime mtoto siku aliyozaliwa ukafuma kwa kipimo hicho. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake huwa kiasi cha sentimita 35, na miezi ya mwanzo huongezeka karibu sentimita 2 kwa mwezi. Kufika arobaini amekaribia 37 au 38. Kofia hii nimeihesabia sentimita 36 ikiwa haijavutwa, ili ivutike kidogo na kushika.

Vitu unavyohitaji

Uzi wa pamba wa unene wa kati, bonge moja la gramu 50. Latosha na litabaki. Hapa kwetu pwani nawasihi mushike pamba. Uzi wa nailoni ni rahisi na una rangi nzuri, lakini haunyonyi jasho, na kaskazi ikipamba moto mtoto hutoka vipele kwenye paji la uso.

Sindano jozi mbili: milimita 3.5 za ukingo na milimita 4 za mwili wa kofia. Sindano butu ya kuungia. Utepe wa kupimia. Na punje tisa za mbaazi kavu ndani ya kikombe au kikopo chenye kifuniko. Mbaazi nitazieleza mbele.

Juu ya sindano nina neno. Nunua za mianzi au za alumini. Mimi nilianza na sindano za chuma za marehemu mama, nazipenda mpaka leo, lakini hewa yetu ina chumvi na unyevu. Mwaka mmoja nilifuma kofia nyeupe ya mpwa wangu, nikafika nusu, nikapata mgonjwa nyumbani. Nikaikunja na sindano zake ndani nikaitia kabatini. Baada ya wiki mbili nilipoifungua, palipokuwa na sindano pana mstari wa kutu, wa rangi ya chai ya rangi, umezunguka kofia nzima. Nilisugua kwa ndimu na chumvi, nikaianika juani, ukafifia lakini haukutoka. Nikafumua na kuanza upya na uzi mwingine, na arobaini ikapita kofia haijaisha. Zile sindano za mama sasa nazifuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani na zimepumzika.

Hatua ya 1: Jaribio

Musiliruke hili. Panda vitanzi 30 (yaani anzisha vitanzi vya uzi 30 juu ya sindano) kwa sindano ya milimita 4, fuma safu 30, pleni upande mmoja na palo upande wa pili. Lilaze bila kulivuta, upime katikati: sentimita 10 ziwe na vitanzi 22. Ukipata 24, mkono wako wakaza, na kofia itapungua sentimita 3 nzima. Chukua sindano ya 4.5. Ukipata 20, shuka hadi 3.5, na ukingo uufume kwa ndogo zaidi. Kipande hicho usikitupe, ndicho utakachokifua kwanza uone kama uzi watoa rangi.

Kwa wageni: pleni ni uzi uko nyuma, sindano yaingia kitanzini kutoka mbele kwenda nyuma. Palo ni kinyume chake, uzi uko mbele, na ncha ya sindano yatokea upande wako.

Hatua ya 2: Ukingo

Acha mkia wa uzi wa mita moja na nusu, kisha panda vitanzi 82 kwa sindano ya milimita 3.5. Mkia utakaobaki ndio wa kuungia baadaye, usiukate.

Safu ya kwanza: pleni 2, kisha palo 2, pleni 2, palo 2, hadi umalizie na pleni 2. Safu ya pili: palo 2, pleni 2, hadi umalizie na palo 2. Rudia hizo mpaka safu ziwe 8. Pamba haina mvuto wake yenyewe kama sufu, ndiyo maana ukingo twaufuma kwa sindano ndogo. Ukiufuma kwa kubwa, kofia itamshukia mtoto machoni.

Hatua ya 3: Mwili

Hamia sindano za milimita 4. Safu moja pleni tupu, safu moja palo tupu, mpaka kofia ifike sentimita 10 kutoka chini, umalizie na safu ya palo.

Hii ndiyo sehemu ya kufuma bila kuwaza, na ndiyo naipenda. Mimi hufuma unga wa mahamri ukiumuka. Nikishaukanda na tui na iliki, nikaufunika, nina karibu saa moja. Naosha mikono kwa sabuni mara mbili, kwa sababu mafuta ya unga yakishika uzi mweupe huonekana, halafu nakaa mlangoni penye upepo. Safu kumi hupatikana kabla ya kuanza kukata. Harufu ya iliki huingia kwenye uzi, na wifi yangu asema ndiyo aliyoitambulia kofia kuwa yatoka kwangu.

Sharti moja tu: usiweke kazi chini katikati ya safu. Maliza safu, kisha nenda. Ukirudi, tazama upande ulio mbele yako: ukiwa laini, fuma pleni, ukiwa na vijivimbe, fuma palo.

Hatua ya 4: Utosi, na zile mbaazi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu kila safu ya kupunguza ina hesabu yake, na ukiitwa ukarudi hukumbuki umefika wapi. Dawa yangu ni hii. Tia punje tisa kikoponi. Kila ukianza safu ya kupunguza, toa punje moja kwanza. Punje zilizobaki ndizo idadi ya pleni utakazofuma kabla ya kuunganisha vitanzi viwili.

Umetoa ya kwanza, zimebaki 8. Basi: pleni 1 ya pembeni, kisha pleni 8, fuma viwili pamoja, rudia hivyo mara nane, malizia pleni 1. Vitanzi vitakuwa 74. Safu ya kurudi ni palo tupu, haihitaji punje.

Toa nyingine, zimebaki 7: pleni 1, pleni 7, viwili pamoja, mara nane, pleni 1. Vitanzi 66. Endelea hivyo, palo tupu kila unaporudi. Vitashuka 58, 50, 42, 34, 26, 18. Ukitoa punje ya mwisho kikopo ni kitupu, nawe unaunganisha viwili viwili bila pleni katikati, isipokuwa zile mbili za pembeni. Vitabaki 10.

Kata uzi, acha sentimita 30, upitishe kwa sindano butu ndani ya vitanzi vyote 10, uvute mpaka tundu lizibe, upige fundo kwa ndani.

Hatua ya 5: Kuunga na kufua

Unga mgongo wa kofia kwa ule mkia, ukichukua kitanzi kimoja cha pembeni kila upande. Zile nyuzi zinazoning'inia zifiche ndani ya mshono, usizikate tu. Fua kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kamua ndani ya taulo bila kusokota, ilaze kivulini. Pamba iliyolowa ni nzito; ukiitundika kambani itarefuka. Usitie vifungo, wala kishada, wala kamba ya kufungia shingoni.

Maswali ya wanachama

Shoga, yachukua siku ngapi? Mimi ni mgeni kabisa wa sindano.

Safu zote hazizidi 50. Mgeni huchukua dakika sita hivi kwa safu, kwa hiyo ni kama saa tano. Ukipata nusu saa kila siku, siku kumi. Anza wiki ya kwanza, usisubiri siku ya 30.

Kitanzi changu kimeanguka na kimeshuka safu nne, nikifumue chote?

La, dada. Kwanza kishike kwa pini ya mtandio kisiendelee kushuka. Geuza upande laini ukutazame, utaona nyuzi nne zimelala kama vipago vya ngazi. Kwa kulabu ya kroshia, vuta kipago cha chini kabisa kipite ndani ya kitanzi, kisha kinachofuata, mpaka ufike juu, ukirudishe sindanoni.

Binti yangu ameolewa Limuru, mjukuu atazaliwa huko. Pamba itamfaa?

Mama, Limuru ni juu ya mita 2,000, baridi yake siyo yetu. Mfumie kwa sufu laini yenye unene huu huu, hesabu haibadiliki. Sufu hupasha joto hata ikiwa na unyevu kidogo. Mwambie binti asiifue kwa maji ya moto, itajikunja isimwingie mtoto tena.

Mikono yangu yatoka jasho sana, uzi wakwama kwenye sindano.

Nami hunipata, zaidi mwezi wa Februari na Machi. Fuma baada ya alfajiri au baada ya isha. Weka kitambaa cha pamba kikavu pajani ufute mkono kila baada ya safu. Sindano za mianzi hukwama zaidi mkono ukilowa, kwa hiyo msimu huo nachukua za alumini.

Naweza kumlaza mtoto na kofia yake?

Usimlaze nayo ndani ya nyumba. Mtoto mchanga hutoa joto jingi kupitia kichwani, na akilala kofia yaweza kumteremkia usoni. Mvalishe akitoka nje penye upepo au akiwa mikononi mwa watu, akilala ivue. Na muliosema mtafuma soksi pia: zigeuzeni ndani nje kila kabla ya kumvisha, muangalie uzi uliolegea. Uzi mmoja ukimzunguka kidole cha mguu waweza kukikaba mpaka kivimbe, na mtoto hana la kufanya ila kulia.

Mimi ni mwanamume, niko Mtongwe. Nataka kumfumia mama yangu kitu, lakini nyumbani wanaona ni kazi ya wanawake.

Karibu sana kaka yangu. Nyavu za pwani hii zimeshonwa na wanaume tangu zamani, na kofia za vito, zile za kiume za mkono, nao wamezidarizi. Kwa mama usianze na kofia. Panda vitanzi 44 kwa sindano ya milimita 4, fuma pleni kila safu, kwenda na kurudi, mpaka kiwe mraba wa sentimita 20, kisha ufunge. Ni kitambaa cha kuoshea uso cha pamba, laini kwa ngozi ya mtu mzima, na hakina kupunguza wala kuunga. Fuma viwili, kimoja kikiwa kambani atumie kingine. Ukikwama kwenye kufunga vitanzi vya mwisho, andika hapa umefika safu ya ngapi nami nitakujibu nikishamaliza kukaanga mahamri.