Kabla ya Kuandikisha Ndoa: Mambo ya Kuweka Mezani

Mafundisho ya ndoa, yawe ya kanisani au kwa sheikh, yasingoje kadi za mchango zichapwe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 tu kabla ya kufunga ndoa, na huo ni muda mfupi mno wa kugundua kwamba hamuelewani. Anzeni miezi sita mapema.

Kwanza hela. Kila mmoja achukue karatasi yake, aandike akiwa peke yake: kodi, chakula, nauli, madeni (marejesho ya kikoba na mikopo ya simu yamo), na anachotuma kwao kila mwezi. Ndipo mbadilishane. Mkiandika pamoja, mmoja atafuata ya mwenzake na tofauti itajificha. Mstari wa kutuma nyumbani ndio wenye mengi: huyu kaandika 50,000, yule kaacha wazi akidhani hiyo itakoma baada ya harusi.

Kisha vipimo, VVU na selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi). Wote wawili mkiwa wabebaji wa vinasaba vya selimundu, yaani mnavyo bila kuugua wenyewe, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa.

Mke mmoja au zaidi? Ulizaneni sasa, si mbele ya msajili.