Somo: Kulifuata ombi la API ndani ya brauza

Ombi la API ni ujumbe ambao ukurasa huutuma kwa seva kupeleka au kuomba taarifa. Tuchukue fomu ya kukata tiketi ya boti, Unguja kwenda Mkoani. Abiria kachagua tarehe 5 Machi, fomu imepokea bila kosa, tiketi imetoka ya tarehe 4. Msianze kubadilisha kodi ya programu wala kumpigia simu mtu wa seva. Tazameni kwanza kilichotoka kwenye brauza.

1. Bonyeza F12 au Ctrl+Shift+I kufungua zana za msanidi, ingia Network. Fungua kabla ya kutuma fomu, kwani maombi yaliyopita zana zikiwa zimefungwa hayamo kwenye orodha.

2. Tia alama Preserve log, la sivyo ukurasa ukihama orodha inafutika. Tia na Disable cache usije ukasoma jibu la zamani. Hii hufanya kazi zana zikiwa wazi tu.

3. Chagua Fetch/XHR (maombi yanayotumwa na JavaScript) ili picha na mafaili ya CSS yakuondokee machoni.

4. Tuma fomu, kisha bofya mstari wa POST (ombi linalopeleka data kwa seva) uliojitokeza.

Headers inaonesha 200, namba ya hali ya jibu la seva. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapopotea: 200 maana yake seva imeridhika na ilichopewa, si kwamba ilichopewa ni sahihi. Fungua Payload, yaani data iliyotumwa:

"tarehe": "2025-03-04T21:00:00.000Z"

Hiyo Z ni saa za UTC, saa za kimataifa za marejeo. Sisi tuko mbele kwa saa 3, kwa hiyo saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 5 huku kwetu, kwa UTC bado ni saa tatu usiku ya tarehe 4. Aliyeigeuza ni toISOString(), amri ya JavaScript inayoandika tarehe kwa saa za UTC, na seva ikachukua herufi 10 za mwanzo. Dawa: kisanduku cha type="date" tayari kinakupa "2025-03-05"; itume hivyo hivyo kama matini, usiipitishe kwenye Date.

Namba nyengine kwa ufupi: 401: tokeni (kitambulisho cha kuingia) haipo au imekwisha muda; 403: unajulikana lakini huna ruhusa; 400 na 422: soma Response, mara nyingi uga wenye kasoro umetajwa; 500: nenda kwenye logi za seva.

Masuali ya wanachama

Suali: Mwalimu, kwenye Postman, programu ya kujaribia API, inakubali, kwenye brauza naambiwa CORS. Kwa nini?

Jawabu: CORS ni sheria ya brauza kuhusu maombi yanayokwenda tovuti nyengine. Postman haina sheria hiyo, brauza inayo. Ukituma JSON (data ya muundo kama ule wa Payload hapo juu) au kichwa cha Authorization (kinachobeba tokeni) kwenda anwani ya asili (origin) nyengine, brauza hutanguliza ombi la OPTIONS kuuliza ruhusa. Seva isipojibu kwa Access-Control-Allow-Origin na Access-Control-Allow-Headers zinazokubaliana na ombi lako, POST yenyewe haitoki. Rekebisha kwenye seva. Kuongeza vichwa hivyo upande wa fetch hakusaidii kitu.

Suali: Kosa linatokea kwenye simu tu.

Jawabu: Kwa Android, washa USB debugging, chomeka waya, kisha kwenye Chrome ya kompyuta fungua chrome://inspect. Network ni ile ile.

Suali: Naweza kumrushia mwenzangu faili la HAR (rekodi ya maombi na majibu ya Network) kwenye WhatsApp?

Jawabu: Chrome za karibuni huondoa vidakuzi na Authorization usipochagua vyenginevyo, lakini Payload na majibu hubaki. Lifungue kwa kihariri, tafuta nenosiri, tokeni na namba za simu za abiria, uvifute kabla hujatuma.