Mashine ya PPR: tunza vichwa vyake ndio jointi zisikusumbue

Mafundi wa mabomba, tuongee kuhusu vile vichwa viwili vya mashine ya kuchomea PPR, yale mabomba ya plastiki ya maji, cha kuingiza paipu na cha kuingiza fitingi, sababu kuna jointi nyingi sana zinaanza kuvuja wakati taili zishabandikwa na mteja ashahamia, na watu wanalaumu paipu.

Ile rangi juu ya kichwa ni tefloni, kazi yake ni plastiki isishike. Ikikwaruzwa tu, plastiki inabaki hapo, inaungua inakuwa nyeusi, na paipu inayofuata inabeba huo uchafu mpaka ndani ya jointi. Kwa hivyo kisu, msasa, brashi ya waya, bisibisi, hizo zote weka mbali kabisa. Pangusa kila baada ya jointi kadhaa kichwa kikiwa bado moto, kwa kitambaa kikavu cha pamba, na uvae glavu. Ukinunua matambara soko la Gikomba hapa Nairobi, choma uzi mmoja kwanza: wa pamba unaacha jivu laini, wa nailoni unajikunja unakuwa kidonge kigumu, na hicho kidonge ndicho kitaganda kwa tefloni yako. Plastiki ikikataa kutoka, isukume polepole na kijiti cha mbao. Spiriti ni sawa lakini mashine ikiwa imechomolewa na imepoa, inashika moto haraka hiyo.

Moto ni digrii 260 za Selsiasi. Kuna wale wanapandisha 300 ndio kazi iende mbio, na hapo wanaua tefloni wenyewe, halafu ikizidi kupata moto inatoa moshi mbaya kwa mapafu, ndege wa kufugwa hata wanakufa nao. Taa ikionyesha tayari ngoja dakika chache zaidi, bamba, yaani lile bapa la chuma vichwa vinapofungwa, hupata moto kabla ya vichwa. Na kama uko ghorofa ya nne na ekstensheni ndefu ya waya mwembamba, stima inafika imechoka, moto unachelewa kurudi kila ukichoma, tafuta waya mnene.

Kitu wengi hawaangalii ni skrubu inayoshika kichwa kwa bamba. Joto linailegeza, kichwa kinaacha nafasi ndogo na bamba, upande mmoja unakuwa baridi. Fungua mashine ikiwa baridi, pangusa bamba na mgongo wa kichwa, hata punje ya mchanga ni shida, kaza, halafu ikipata moto kaza tena kidogo kwa alenki, ile spana ya pembe sita. Jaribu na kipande cha paipu ya milimita 20, sekunde 5, uunganishe na fitingi uangalie ule mkunjo wa plastiki mdomoni. Lazima uzunguke sawasawa. Ukiwa mnene huku na mwembamba kule na ulishika paipu ikiwa imenyooka, rudi kwa skrubu.

Kupoza kwa maji hapana, hata kama mmechelewa. Chomoa, iache kwa stendi yake, ikipoa funga vichwa kwa kitambaa visigongane na spana.

Ukiona chuma kinaonekana chini ya tefloni, nunua vipya, hadwea za River Road na Kirinyaga Road zinavyo, na haikaribii gharama ya kuvunja bafu ya mtu. Beba kipande cha paipu ukienda: ikiwa baridi na inaingia kichwani bila kukaza mpaka mwisho na bado inacheza, hicho kichwa usinunue.